Madaftari Mawili ya Kakamega

Kwa sehemu kubwa ya kazi yangu ya uuguzi hapa Kakamega niliandika katika madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la kliniki ya mama na mtoto: jina, kijiji, mimba ya ngapi, watoto walio hai, tarehe ya mwezi wa mwisho. La pili lilikuwa la kliniki ya sukari na presha: jina, kijiji, umri, uzito, kipimo, dawa. Daftari la kwanza halikuwa na safu ya mwanamke asiye na mimba wala mtoto. La pili halikuwa na mahali pa kumwuliza mgonjwa kama alipokuwa msichana aliuona mwezi wake sawasawa. Basi kulikuwa na wanawake waliodumbukia katikati. Walikuja wakiwa na miaka ishirini na kitu kuuliza kwa nini hawashiki mimba, wakarudi nyumbani bila kuandikwa popote, wakakaa huko miaka mingi, kisha wakatokea kwenye daftari la pili na presha iliyopanda, macho yenye ukungu, au kidonda cha mguu kisichofunga.

Wasichana wa leo wana jina la hali hiyo. Wanaiita PCOS na wanaitaja bila haya hata ndani ya matatu ya Mumias, tena kwa sauti. Ni hali ya homoni. Ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi, yai halikomai kwa wakati wake, hedhi hukawia miezi mitatu, sita, hata mwaka. Ndevu huota kidevuni, chunusi haziishi usoni ingawa ujana umepita, nywele za utosini hupungua. Ukipigwa skani, daktari anaona vitu vidogo vyeusi vimepangana ukingoni mwa ovari. Watu husema ni uvimbe, wanaogopa kupasuliwa. Si uvimbe. Ni vijifuko vya mayai vilivyokwama njiani kabla ya kukomaa.

Chini ya hayo yote, kwa wengi wao, kuna jambo lisiloonekana kwenye skani: insulini haisikizwi vizuri na mwili. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi, na insulini hiyo iliyozidi huichochea ovari kutoa homoni za kiume zaidi. Mzunguko huo hauishi mwanamke anapopata mtoto, wala hauishi anapokata tamaa ya kumpata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba hadi 70 katika kila 100 walio nayo hawajui.

Ninajua kuna watakaosema haya ni maradhi ya kisasa, yameletwa na chipsi na soda. Sikubali. Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye kwetu Isukha tunamwita senje, hakuwahi kuonja chipsi.

Senje alizaliwa siku za dhahabu. Dhahabu ilipatikana Kakamega mwaka 1931, na mwaka uliofuata wazungu wakamiminika kutoka kila upande na mahema yao, wengi wao wakulima walioangushwa na bei mbaya ya mahindi na kahawa. Sheria iliyokuwa imeahidi kwamba ardhi ya Mwafrika ikichukuliwa atapewa nyingine badala yake ilirekebishwa Desemba 1932, haraka haraka, ili wachimbaji wapite. Babu yangu alifanya kibarua katika mgodi wa Rosterman, ambao ulidumu hadi 1952, na alipotusimulia habari zake alikuwa akikohoa. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1934, alikuja Mjerumani mmoja, Günter Wagner, msomi wa mila, akaishi miongoni mwa Wamaragoli na Wabukusu akiandika kila alichokiona: harusi, mimba, uzazi, majina ya watoto, tohara, mazishi. Kitabu chake kilitoka kwa juzuu mbili, 1949 na 1956. Nimekisoma kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake nawaona bibi zangu. Mwanamke katika kurasa zile ni njia ambayo ukoo unapita. Sisemi kwamba Wagner alikosea; hivyo ndivyo alivyoambiwa na wazee, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Serikali nayo ilihesabu watu kwa sababu ya kodi ya nyumba na vibarua. Wamisheni wa Kaimosi, walioingia 1902 na kumpata daktari wao wa kwanza, Elisha Blackburn, mwaka uliofuata, walihesabu waumini. Kila mwenye daftari alihesabu waliozaliwa.

Wakati dhahabu ya Kakamega imepamba moto, mwaka 1935, madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walichapisha habari za wanawake 7 waliokosa hedhi, wengine wakiwa na nywele za kiume na uzito mwingi, wote wakiwa na ovari kubwa zilizojaa vijifuko. Walizipasua, wakakata nusu au zaidi ya kila ovari. Hedhi ilirudi kwa wote 7, na wawili wakashika mimba. Dunia ya udaktari ikashangilia. Hali ile ikaitwa kwa majina yao, ikawekwa kwenye rafu ya ugumba, na kwa miongo minne na zaidi ikabaki huko.

Lakini ilikuwa imewahi kuonekana upande mwingine. Mwaka 1921, huko Paris, Émile Achard na Joseph Thiers walikuwa wameandika juu ya kisukari cha wanawake wenye ndevu. Soma tena maneno hayo: kisukari, na ndevu, katika mwili mmoja. Miaka 14 kabla ya Chicago, Wafaransa wawili walikuwa wameliona lile daftari la pili. Na hata wao walikuwa na mtangulizi. Mwitaliano Antonio Vallisneri alieleza mwaka 1721 habari za wanawake wa mashambani, walioolewa, wanene kiasi, wasiozaa, ambao ovari zao zilikuwa kubwa, nyeupe, zenye vinundu. Mwaka 1721 hata muhindi ulikuwa mgeni katika nchi zetu. Ndiyo maana nasema hali hii haikuja na soda.

Kwa hiyo kulikuwa na nyuzi mbili, uzi wa ovari na uzi wa sukari, na walimu wa walimu wetu walishika mmoja tu. Nilipokuwa chuoni miaka ya sabini, somo hili lilikuwa nusu ukurasa katika sura ya ugumba. Niliandika, nikafanya mtihani, nikapita.

Senje aliolewa Butsotso. Kwetu mke huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo huko walimwita Omwisukha. Kwa kawaida jina hilo hupungua nguvu mtoto wa kwanza akizaliwa. Mke mwenzake alipojifungua alianza kuitwa Mama fulani hata na wanaomdai pesa. Senje alibaki Omwisukha mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti nene na mkono mwepesi wa kilimo, na alikuwa na ndevu alizozing'oa kila Jumamosi jioni kwa vidole vilivyopakwa majivu, nyuma ya jiko, ili kesho aende kanisani uso ukiwa laini. Sokoni Khayega wanawake walimtania kwamba mwenye ndevu hakosi pesa. Alicheka nao. Mwezi wake, aliniambia baadaye, aliuona mara moja au mbili kwa mwaka, na ulipokuja ulikaa wiki tatu.

Alitibiwa kwa kila njia. Waganga walimpa mizizi ya kuchemsha. Mmoja alisema ni laana ya upande wa mama, mwingine akasema ni wivu wa mke mwenza. Mume wake alitafuna mukombero wa msitu wa Kakamega asubuhi na jioni, ule mzizi mtamu wenye harufu ambao mpaka leo unauzwa stendi kwa wanaume wanaotazama kando wanapolipa. Mumewe hakukosa watoto kwa mke wa pili, kwa hiyo shauri likafungwa. Hapo ndipo uchunguzi wa senje ulipoishia: haikuwa ya mume, basi ni yake, na yake haina dawa. Hakuna aliyeuliza tena habari za mwili wake kwa miaka ishirini na zaidi. Alikuwa amekwisha kujibu swali pekee waliloona lina maana.

Mimi ndiye niliyempima. Siku zile hatukuwa na mashine ya kidole. Tulipima mkojo kwa dawa ya buluu ya Benedict: matone manane ya mkojo ndani ya kipimo cha dawa katika kijichupa cha kioo, unakishika kwa kibanio juu ya moto, unangoja. Ikibaki buluu, hamna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Manjano, imezidi. Wa senje uligeuka rangi ya tofali hata kabla haujachemka vizuri. Nilimwandika katika daftari la pili. Umri, uzito, dawa. Nilijua habari ya ndevu, nilijua habari ya mwezi, nilijua hakuzaa, maana nilikuwa mtoto wa kaka yake. Sikuwa na mahali pa kuyaandika. Na ukweli ni kwamba hata kama safu ingekuwapo, hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba mambo hayo matatu na lile la rangi ya tofali ni habari moja.

Kiharusi kilimchukua miaka ya tisini, mguu mmoja ukiwa umekatwa. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto mchanga wa ukoo. La senje halijapewa mtu.

Nimefikiri sana kwa nini sisi wauguzi, tuliowaona wanawake wengi hivyo, hatukuunganisha mambo mapema. Sababu moja iko kwenye takwimu za uzazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba mwanamke wa Mkoa wa Magharibi alikuwa anazaa watoto 8.1 kwa wastani, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa 6.7. Fikiria maisha ya mwili kama huo: mimba miezi tisa, kunyonyesha mwaka mmoja na nusu au miwili, mimba tena. Mwanamke wa namna hiyo huona hedhi mara chache katika miaka yake yote ya ndoa. Akikaa mwaka bila kuiona, hakuna anayeshangaa, hata yeye mwenyewe. Sasa weka ndani ya kundi hilo mwanamke mwenye PCOS ambaye, kama wengi walivyo, anashika mimba lakini kwa kuchelewa. Atazaa wanne, wamepishana miaka mitano mitano, na mkunga atampongeza kwa kupanga uzazi! Tuliowaona ni wale wasiozaa kabisa. Hao wengine walijificha humo humo ndani ya daftari la kwanza, na dalili zao tuliziita majina mengine: mtoto mkubwa kupita kiasi, sukari iliyopanda wakati wa mimba kisha ikashuka, presha ya mimba. Leo tunajua yote hayo huwaandama zaidi wenye hali hii.

Uzazi ukashuka ghafla. Mwaka 1993 wastani wa Magharibi ulikuwa 6.4. Wanawake walianza kuona hedhi zao, au kuona kwamba hawazioni. Naamini ndipo wengi walipoanza kuja kutuuliza.

Na kuna kejeli moja ambayo bado hunikera. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha klomifeni, kidonge cha kuliamsha yai. Kidonge cha kuzuia mimba kilifika kwenye kabati zetu zamani sana. Cha kuliamsha yai kilikaa Nairobi, kwa wenye pesa. Lakini sikia hili: kile kidonge cha kuzuia mimba, ambacho tulikuwa nacho makopo kwa makopo, ndicho ambacho kingewasaidia wanawake kama senje kwa namna nyingine. Mwanamke asipotoa yai, utando wa ndani wa mji wa mimba huendelea kujengeka bila kung'oka. Mwaka juu ya mwaka, utando huo unaweza kugeuka saratani; hatari yake kwa wenye PCOS imekadiriwa kuwa mara mbili hadi sita ya wanawake wengine, ingawa kwa jumla wanaoipata si wengi. Kidonge hung'oa utando kila mwezi. Lakini nani angempa kidonge cha kuzuia mimba mwanamke anayelia kwa kukosa mimba? Wa kupanga uzazi alikuwa aliyekwisha kuzaa, tena aje na ruhusa ya mume. Asiyezaa akitokwa damu nyingi baada ya miezi ya ukame alisafishwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akarudi kwao. Niliwasafirisha wengi kwenye machela kwenda kusafishwa. Hawakuandikiwa tarehe ya kurudi.

Sasa nije kwenye chakula, maana najua wananingojea hapo wale wa soda. Sikusema chakula hakina neno. Hali hii hurithiwa, lakini uzito huichochea, na miili ya Kakamega ilibadilika mbele ya macho yangu. Nyanya yangu alisonga ugali wa wimbi na mtama, mweusi, mzito, akala na mboga ya murere au tsisaga. Mahindi meupe yalikuwa yamekwisha kuingia, na mbegu ya kisasa ya Kitale, H611, ilipotoka mwaka 1964 iliyamaliza mashamba ya wimbi upesi kuliko mhubiri yeyote. Kisha muwa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa 1971, kiwanda kikaanza kusaga 1973, na ardhi ya Wanga, Marama na Butsotso ikafunikwa na miwa mpaka mlangoni. Sukari ikawa heshima. Kabla ya hapo mgeni alipewa busaa au uji. Sasa mgeni asiyewekewa vijiko vitatu vya sukari kwenye chai ya maziwa alijiona amedharauliwa. Mama aliye katika chama, kwaya na kamati ya mazishi hunywa chai hiyo nyumba nne kwa siku moja, na hakuna hata moja anayoweza kuikataa.

Halafu bodaboda. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, njia zote za Shinyalu na Lurambi zilijaa pikipiki, na mwanamke aliyekuwa akitembea saa moja kwenda sokoni na saa moja kurudi akaanza kupanda kwa shilingi chache. Simlaumu, mimi pia napanda. Uchunguzi wa taifa wa 2008 na 2009 ulikuta robo ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi. Ule wa 2014 ulikuta theluthi. Na mila zetu hazikusaidia, kwa sababu mke mnene ni sifa ya mume. Akikonda, mashemeji wanauliza kama kuna shida nyumbani.

Lakini hapa pia nina ugomvi na wenzangu wa kazi. Tangu hali hii ijulikane kwetu, ushauri umekuwa sentensi moja: punguza uzito. Wapo wasichana wembamba kama fito wenye ndevu na hedhi za kuruka, nao huambiwa hawana shida. Wapo wanene wanaofukuzwa na sentensi hiyo mpaka wanaacha kuja kliniki kabisa, wakibaki na huzuni ambayo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Kupunguza uzito kidogo tu husaidia kweli, hilo limethibitishwa. Mtu asiye na ratiba ya kurudi, hata hivyo, hajatibiwa.

Nyuzi mbili zilianza kusokotwa tena mwaka 1980, wakati Burghen na wenzake huko Memphis, Marekani, walipoonyesha kwamba wanawake wenye hali hii wana insulini nyingi kwenye damu, na kwamba inapanda pamoja na homoni za kiume. Achard na Thiers walikuwa wamekaribia hapo miaka 59 kabla. Mwaka 1994 Velázquez na wenzake wa Venezuela waliwapa wanawake hao metformini, dawa ya sukari, na baadhi wakaona hedhi zao tena. Wengine wakashika mimba. Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam wakakubaliana kwamba ukiwa na dalili mbili kati ya tatu, yaani hedhi isiyo na mpango, homoni za kiume zilizozidi, na ovari yenye vijifuko vingi, unayo. Niliposoma habari ya Venezuela, miaka kadhaa baada ya kuchapishwa, nilikwenda kufungua kabati la kliniki ya sukari. Metformini ilikuwa imejaa rafu nzima. Kliniki ya akina mama ilikuwa ukumbi huo huo, mlango wa nne.

Hata tulipokuja kupata pesa, zilikwenda kwenye daftari lile lile la kwanza. Mwaka 2013 uzazi katika hospitali za umma ulifanywa bila malipo nchini kote. Mwaka huo huo kaunti yetu, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao watu waliuita Oparanya Care: mama maskini aliyehudhuria kliniki na kujifungulia kituoni alipewa shilingi 2,000 kwa kila awamu. Nilikuwa nimestaafu, na niliufurahia. Nilikuwa nimeona akina mama wakifia njiani kwa kukosa nauli, na mpango ule uliwaleta. Siutoi makosa kwa kile ulichofanya. Nauweka tu katika mstari pamoja na wamisheni, wakusanya kodi na Wagner. Kwa zaidi ya karne moja kila aliyekuja Kakamega na kalamu ameijali afya ya mwanamke kupitia anayemzaa.

Mwaka 2023 ulitoka mwongozo wa kimataifa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na Profesa Helena Teede. Ningeutaka ubandikwe ukutani katika kila zahanati. Unasema PCOS ni hali ya maisha yote. Unasema sukari ipimwe siku unapogunduliwa, na irudiwe kila mwaka mmoja hadi mitatu, hata kama ni mwembamba, na presha kila mwaka. Mafuta ya damu yaangaliwe, na usingizi uulizwe, maana wengi hukoroma na kukatika pumzi usiku wakidhani ni uchovu wa shamba. Huzuni na wasiwasi viulizwe pia, na mji wa mimba ulindwe hedhi inapokawia. Unasema wazi kwamba ni hatari ya kuangaliwa katika magonjwa ya moyo. Mwaka huo huo serikali iligawa mikoba kwa wahudumu wa afya wa jamii nchini, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, na ndani ya mkoba kuna mashine ya presha na ya kupima sukari. Kwa mara ya kwanza vifaa vya daftari la pili viko mlangoni mwa mwanamke. Kinachokosekana ni swali moja la kuuliza kabla ya kumchoma kidole, na swali halihitaji betri: ulipokuwa msichana, uliuona mwezi wako kila mwezi?

Mimi nauliza. Katika chama chetu cha Jumatano, wengi wetu tukiwa tumepita miaka sitini, niliuliza wenye sukari na presha. Mmoja alinitazama, akasema, "Sista, hilo hakuna mtu amewahi kuniuliza, hata mume wangu." Kisha wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine, na chai ikapoa. Si wote, na mimi si mtafiti. Sukari huwapata wengi ambao hedhi zao zilikuwa kama saa. Lakini waliosema walijuana kwa muda wa miaka thelathini bila kujua kwamba walikuwa na jambo hilo pamoja.

Binti ya kaka yangu anasoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Alipigwa skani mwaka jana mjini, akaambiwa ana PCOS, akaambiwa asiwe na wasiwasi, akiolewa atazaa. Akanipigia simu akilia, si kwa sababu ya watoto, bali kwa sababu ya ndevu. Nilimwambia habari za majivu, akacheka. Kisha nikamwambia aende akapime sukari akiwa hajala, na presha, na aombe tarehe ya kurudi.

Alikwenda kwenye kituo kimoja. Kwenye dirisha la kliniki ya sukari alionyesha karatasi ya skani. Kijana aliyekuwa hapo aliisoma, akamrudishia, akamwambia hiyo ni ya akina mama, aende mlango ule mwingine. Mlango ule mwingine walimwuliza ana mimba ya miezi mingapi.

"Senje," akaniambia kwenye simu, "niwaambie nini?"

Nikamwambia arudi Jumatatu asubuhi kwenye dirisha la sukari, bila kunywa chai, apange foleni kama wengine, na zamu yake ikifika aseme ana hatari ya kisukari na anataka kupimwa. Karatasi ya skani aiweke mfukoni kwanza. Wakikataa tena anipigie nikiwa bado nyumbani, kwa sababu mwenye zamu ya Jumatatu nilimfundisha mimi kuchoma sindano.